Kipara Changu na Nywele za Mama Mkwe

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Dokta Halvorsen. Mwalimu wetu mpendwa, Bi. Yolanda Pruitt, madaktari na wauguzi mliotoka hospitali ya mji wetu, wazazi, waume, wake na wakwe, na ninyi wahitimu, mafundi wapya wa vipimo vya usingizi: hamjambo! Nasema hamjambo! Leo sitaki kumsikia mtu akikoroma humu ndani, na atakayekoroma ajue amezungukwa na watu wenye nyaya.

Mimi naitwa Vernon Hruska. Ni fundi bomba, na kipaza sauti nimekizoea kwa kuita namba za bingo kanisani tu. Nimesimama hapa kwa sababu moja: kipara hiki. Darasa zima limejifunzia kazi juu yake! Mke wangu Rhonda alipoacha kiwanda cha kufungasha mayai akaja kusoma, aliniambia, "Vern, tunahitaji kichwa cha mazoezi, na chako kinakaa bure." Basi nikapimwa kwa tepu kutoka juu ya pua mpaka kisogoni, kutoka sikio hadi sikio, nikachorwa alama nyekundu, nikabandikwa vikombe vidogo vya nyaya kwa gundi, kisha nikaambiwa nifumbe macho ili mashine isome ubongo wangu. Wateja wakiniuliza, "Vern, nani kakuchora kichwani?" nawajibu kwa majivuno, "Sayansi, bwana!"

Na hapo ndipo tulipokosea, mabibi na mabwana. Kipara hakina ubishi. Siku ya jaribio la vitendo, Bi. Pruitt akamleta msichana mwenye nywele nene za kufika kiunoni. Ehee! Alama za penseli hazionekani, gundi inashika nywele badala ya ngozi, vikombe vinadondoka, na mashine inachora fujo tupu. Je, yupo aliyefaulu siku ile? Hata mmoja! Mbona mnainamisha vichwa sasa? Bi. Pruitt akavua miwani yake akasema, "Ninyi hamjajifunza kichwa. Mmejifunza Vernon."

Wengine walicheka. Rhonda hakucheka. Hospitali ilikuwa imemwahidi nafasi kwenye chumba kipya cha vipimo, mradi afaulu mtihani wenyewe. Akianguka, nafasi inakwenda kwa mwingine na yeye anarudi kwenye mayai. Tena Rhonda hakuja hapa kutafuta ajira tu. Baba yake, mzee Emil, alikuwa akikoroma, mara ananyamaza, pumzi inakatika, mara anashtuka, miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyempima. Asubuhi moja hakuamka.

Basi tukahitaji nywele. Na katika familia yetu mwenye nywele ni mmoja: mama mkwe wangu, Mama Lorraine Kucera, yule pale mstari wa mbele anayenikodolea macho. Nywele zile hutengenezwa saluni kila Ijumaa, na tangu nimfahamu sijaona upepo wa Nebraska ulioziweza. Na mama huyu, nisiwafiche, hakuipenda kozi hii hata kidogo. Jumapili moja tuko mezani kwake, kolachi, vile vimkate vitamu vya plamu, bado zina moto, Rhonda akajikaza.

"Mama, niazime kichwa chako."

"Kichwa changu? Unipake gundi?" Akaweka kikombe chini. "Na utu uzima wako huo, unakwenda kusomea kutazama watu wamelala! Mimi nilimtazama baba yako kila usiku. Nikamtikisa, nikamgeuza. Ilisaidia nini?"

Rhonda akamjibu polepole, "Hukujua ulichokuwa unakitazama, Mama. Hata mimi sikujua. Sasa nataka kujua."

Mimi mropokaji niliogopa hata kutafuna. Kisha Mama Lorraine akainua mikono, akaanza kuchomoa pini moja moja na kuziweka kwenye sahani ya kolachi. Sikuwa nimewahi kuziona nywele zile zikiwa zimeshuka mabegani. Akageuza kiti. "Anza kabla sijabadili mawazo. Na wewe, Vern, tazama huko!"

Rhonda akagawanya nywele kwa kitana, akatafuta ngozi, akakosea, akarudia. Alipomaliza kubandika, akamwambia mama yake afumbe macho. Sasa nisikilizeni. Tangu mzee Emil aondoke, Mama Lorraine hakuwa analala vizuri. Alikuwa akiamka kila mara kusikiliza pumzi ambayo haipo tena. Lakini pale, jikoni kwake, nyaya zikining'inia, alilala fofofo! Nikataka kumwamsha ale. Rhonda akanishika mkono. "Mwache," akasema. "Leo zamu ni yangu." Akakaa akiitazama pumzi ya mama yake mpaka kolachi zikapoa.

Baada ya hapo mkaja nyote, Jumapili kwa Jumapili. Mnakumbuka alivyowafokea? "Taratibu wewe, hizo si nyasi!" Mnakumbuka alivyoingia kanisani na gundi nyuma ya sikio, na asithubutu mtu kumcheka? Na mtihani je? Mmefaulu wote! Wote, jamani! Na Rhonda wangu anaanza kazi Jumatatu! Furaha niliyo nayo, sijui niiweke wapi.

Mwalimu Pruitt, asante kwa kutotuonea huruma. Madaktari, asanteni kwa kushikilia ile nafasi. Na wote mliovumilia maneno ya fundi bomba, nawashukuru kwa masikio yenu.

Limebaki moja. Utaratibu unasema mume ndiye amvishe mkewe beji, na mimi hii hapa nimeishika. Mheshimiwa Mkuu, niwie radhi, utaratibu huo nauvunja. Mama Lorraine, inuka. Njoo umvishe mwanao, kisha leo nenda nyumbani ukalale. Yupo anayejua kutazama.