Mkao wa Mwisho

Mwanachuo aliyeketi nyuma ya abiria wawili kwenye treni alijifanya anasoma, ingawa kwa dakika kumi hakuwa amefunua ukurasa hata mmoja. Mbele yake, fundi cherehani alikuwa amepakata mkeka wa yoga, na mama mtu mzima aliyekuwa kando yake akamuuliza, "Mwanangu, joto lote hili na bado unajikunja?"

"Alfajiri, mama, sakafu ikiwa bado baridi. Navaa nguo nyepesi za pamba, nakunywa maji kidogo kidogo, wala sijilazimishi. Ila mkao wa mwisho, ule wa kulala kama maiti, nauruka."

"Si ndio rahisi? Huo hata mimi naujua tangu kuzaliwa!"

Fundi alicheka. "Marehemu mama aliponiona hivyo mara ya kwanza, alinimwagia ndoo ya maji akidhani nimezirai. Tangu siku hiyo akawa anakaa kando yangu, ananipepea mpaka niinuke. Sasa nikilala, nausubiri upepo ule."

"Wewe lala tu, utazoea."

"Sitaki kuzoea, mama."

Yule mama alilikunja gazeti lake, akaanza kumpepea polepole, naye fundi akafumba macho. Treni iliposimama kwenye kituo chake, fundi alikuwa bado ameyafumba.