Hema la Mtu Aliye Hai

Kina mama wenzangu, na nyinyi wazee mliokuja kututazama, amani iwe nanyi. Mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kutoka. Nikienda sokoni Runyenjes nikarudi, nalala kama niliyetoka Mombasa. Mkiniona mbele ya watu, jueni nimesukumwa.

Nianze na aibu yangu. Mdogo wangu alipoenda kufanya kazi za nyumba huko nchi za Ghuba, ni mimi nilimsindikiza stendi nikiimba. Mwezi wake wa tatu huko akaanza kunitumia sauti kwa simu. Mwajiri amemnyang'anya paspoti, mlango unafungwa kwa nje. Na mimi dada mkubwa, niliyemaliza kidato cha nne, nikamjibu nini? Vumilia, kazi ni kazi. Ndugu zangu, hayo maneno niliyatuma nikiwa karibu na jiko, nikinywa chai.

Akanyamaza wiki mbili. Aliporudi hewani, alikuwa amechomwa mkono na pasi ya nguo na hospitali hapelekwi. Hapo chakula kilinishinda. Hata hapa kwenye chama chetu cha kina mama mkanikosa, mkafikiri ninaringa.

Nikaenda ofisi ya mheshimiwa mbunge wetu. Karani, mama mpole tu, akatoa fomu akaniuliza jina la marehemu. Nikasema hakuna marehemu. Akauliza mwili uko wapi. Nikamwambia mwili uko na mwenyewe, bado anautumia. Akanieleza kwamba wao husaidia familia iliyofiwa: hema, viti, na mheshimiwa mwenyewe kuja kuongea. Mambo ya ng'ambo si yao. Nilirudi mara nne. Mara ya nne akanipa pole kabisa, kama mtu anayeona nimekaribia kufaulu kupata hema.

Nikaja kwenu nikalia. Mwenyekiti wetu hakunibembeleza. Alisema, "Kama wanachojua kutoa ni hema, si tuombe hema."

Tukaenda, mimi na kina mama kumi na wawili. Tukamwambia karani wazi kwamba mtu wetu yuko hai. Akaandika jina la mdogo wangu kwa mstari wa marehemu, maana fomu haikuwa na mwingine. Tungefanya nini, tumfundishe kazi?

Hema likaja hapo uwanja wa kanisa. Mheshimiwa naye akaja na uso wa msiba, akapewa maiki, akaanza kueleza vile alimfahamu marehemu, msichana mwenye bidii. Nikasimama.

"Mheshimiwa," nikasema, "huyo unayemlilia yuko hai. Msikize."

Nikaweka simu kwa maiki, nikafungua sauti aliyonitumia. Mdogo wangu akasema mwenyewe kwamba mkono unatoa usaha na anaogopa kulala. Mheshimiwa akakosa pa kuweka macho, akasema ataliangalia hilo jambo. Mzee mmoja wa kanisa akamwambia aliangalie akiwa papo hapo, viti si ameleta mwenyewe. Mheshimiwa akapiga simu mbele yetu, kwanza wizarani, halafu ubalozini. Kumbe namba alikuwa nazo siku hizo zote! Hiyo ndiyo inanichoma mpaka leo.

Mdogo wangu alifika nyumbani mwezi uliofuata. Vidole viwili havikunjiki, lakini anachuma kahawa na kutugombeza sisi wote.

Asanteni, nyinyi kumi na wawili. Asante mzee wetu. Hata karani, asante. Funzo langu ni hili: kiongozi akikuambia ng'ambo ni mbali, muulize mbona yeye akienda huko kwa semina hapotei njia. Haki ya mwanamke haiachwi uwanja wa ndege pamoja na wanaosindikiza.

Na bado hatujamaliza. Katika nyumba ile ya mwajiri wamebaki wasichana wawili wa kazi. Mmoja ni wa Siakago. Mwingine ni wa nchi nyingine kabisa, na mheshimiwa amesema huyo si mtu wake. Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwake, anieleze vizuri huyo ni mtu wa nani. Anayekuja na mimi abebe kiondo chake, kikapu anachosuka, maana tutakaa.