Udongo wa Kaka Yake

NATHANIELI: Haloo? Dada? Shikamoo dada. Leo umenikumbuka, eh? Nilishasema huyu kanisusa, wiki nzima napiga—

FANUELI: Si dada yako.

NATHANIELI: Haloo? Ni nani? Sikusikii vizuri, ngoja nitoke nje. Humu ndani mtandao unakamata dirishani tu. [Mlango unalia.] Eeh, nani mwenzangu?

FANUELI: Ni mimi. Fanueli wa Mlalo, kama Mlalo bado unapakumbuka.

NATHANIELI: Aa, shemeji. Shikamoo shemeji.

FANUELI: Marahaba.

NATHANIELI: Mbona marahaba yenyewe imenuna? Umeanza kumpokonya mkeo simu uzeeni? Hebu mpe kwanza, nina kesi naye. Kila nikipiga haipatikani. Nikasema labda ni milima.

FANUELI: Nathanieli, leo usinifanyie utani.

NATHANIELI: Sasa mimi na wewe tusipotaniana tutaongea nini? Mahindi? Dada hajambo lakini? Lile goti lake?

[Kimya.]

NATHANIELI: Haloo? Umepotea?

FANUELI: Nipo. Rudia ulichosema.

NATHANIELI: Nimeuliza dada hajambo.

FANUELI: Unaniuliza mimi kama Yunis hajambo.

NATHANIELI: Nimuulize nani mwingine? Si wewe unayelala naye nyumba moja?

FANUELI: Ngoja. Ngoja kwanza. Mimi nimepiga simu hii nikutukane. Nimeamka na matusi yamenijaa kooni, hata chai sijanywa. Nilitaka nikwambie kuanzia leo mimi na wewe— [Mkwaruzo.] Wewe hukupata ujumbe?

NATHANIELI: Ujumbe gani?

FANUELI: Kwenye grupu. Lile grupu la ukoo.

NATHANIELI: Grupu mimi nalitolea wapi, shemeji? Simu yangu ni ya tochi. Inapiga, inamulika, basi.

FANUELI: Edgar alinionyesha. Imeandikwa kabisa, "Mjomba Kwamkoro". Na zile alama mbili za bluu. Akaniambia, baba, zikishakuwa bluu ujue mtu amesoma.

NATHANIELI: Hiyo ni namba ya Tobia, huyu mwanangu, mliyokuwa mkinipata nayo zamani. Ile simu aliiuza tangu Krismasi, na laini ikiwa humo humo, akaenda zake machimboni Handeni. Aliyesoma ni huyo aliyeinunua. Ujumbe gani, shemeji?

FANUELI: Kaa chini.

NATHANIELI: Nimesimama katikati ya iliki hapa, nikae wapi? Sema.

FANUELI: Kaa chini, mdogo wangu.

NATHANIELI: Usiniite mdogo wako. Miaka yote hujawahi kuniita hivyo. Sema tu.

FANUELI: Yunis hatunaye.

[Mtandao unakwaruza.]

NATHANIELI: Lini?

FANUELI: Alhamisi alfajiri. Jumapili ile nyingine alianguka jikoni, anachambua maharage. Kiharusi. Tukamshusha Lushoto, hospitali. Madaktari walijitahidi, siwezi kusema uongo. Haikuwa riziki.

NATHANIELI: Alhamisi. Na leo Jumapili.

FANUELI: Ndiyo.

NATHANIELI: Basi nakuja. Mnazika lini? Leo gari haliteremki huku, lakini natafuta bodaboda mpaka Muheza—

FANUELI: Nathanieli.

NATHANIELI: —Muheza nikipata basi linaloelekea Moshi linanishusha Mombo, pale Mombo sikosi gari ya Lushoto, hata kama—

FANUELI: Tumezika jana.

NATHANIELI: Mmezika.

FANUELI: Ilipangwa saa nane. Nikawazuia mpaka saa kumi. Nilisimama pale kwenye udongo na fimbo yangu, nikasema hafukiwi mtu hapa mpaka kaka yake afike. Mchungaji ananitazama, watu wanatazama saa. Wingu limeshaanza kushuka.

NATHANIELI: Nani alitupa udongo wa kwanza?

FANUELI: Edgar.

NATHANIELI: Edgar ni mwanawe.

FANUELI: Najua.

NATHANIELI: Kwa ukoo wetu mwanamke anafukiwa kwanza kwa mkono wa kaka yake. Mama yetu alifukiwa na mjomba Kristian, na alikuwa haoni. Tulimshika mkono mpaka ukingoni. Dada alikuwepo, aliona kwa macho yake, akaniambia, Natha, na mimi wangu ni wewe.

FANUELI: Najua, bwana, unanifundisha nini? Nilikuwepo. Baba yenu alipokufa ni nani alikuja kukuita huko kwenye mashamba ya chai? Si mimi? Nilishuka kwa miguu mpaka Mombo. Nikadandia lori la mkonge, likanitupa Muheza usiku. Kesho yake nikapanda tena kwa miguu. Nikakukuta kwenye mstari na kapu mgongoni. Unakumbuka nilikwambia nini?

NATHANIELI: Hukusema kitu.

FANUELI: Sikusema kitu. Uliniona tu, ukashusha kapu. Mtu akitembea siku mbili kukufuata bila taarifa, unajua. Siku hizi msiba unabonyezwa na kidole gumba, halafu aliyebonyeza anarudi kunywa soda yake.

NATHANIELI: Sasa kwa nini safari hii hukutuma mtu?

FANUELI: Nilitaka. Simu hii yake ilikuwa imezima mpaka leo asubuhi. Nikamwambia Edgar, tafuta kijana, mpe nauli, aende Kwamkoro. Akasema, baba, tumeshatangaza, wewe pumzika. Kila nikisimama naambiwa nipumzike. Nimekuwa mgeni kwenye msiba wangu mwenyewe, shemeji. Kuna kamati. Kuna fulana zina picha yake, ile picha aliyokuwa haipendi, amefumba jicho moja. Kuna msemaji wamemtoa Tanga, hamjui Yunis, anasoma jina lake kwenye karatasi. Akina mama wa jumuiya walikuja na kuni na sufuria zao wakaambiwa warudishe, chakula kimelipiwa mjini. Wakakaa na mikono mapajani kama wamekuja kliniki. Bibi Sesilia, yule wa umri wake, alilia kwa sababu hakupewa hata kiazi cha kumenya.

NATHANIELI: Na hakuna aliyeniulizia? Watu wote hao?

FANUELI: Waliuliza. Ndipo nilipokosea.

NATHANIELI: Ulisema nini?

FANUELI: Mtandao mbaya.

NATHANIELI: Mtandao mzuri, nakusikia mpaka unavyopumua. Ulisema nini?

FANUELI: Nilichukua maiki. Nikasema kaka wa marehemu alipata ujumbe, akasoma, akanyamaza. Nikasema chai imemlevya. Nikasema kuanzia leo Yunis hana kaka na mimi sina shemeji, na atakayeniletea habari zake asije nyumbani kwangu.

NATHANIELI: Mbele ya watu.

FANUELI: Mbele ya usharika mzima. Na mbele ya ile kamera. Walikuwa wanarusha mubashara kwenye simu. Wema, mjukuu wangu, yuko Ujerumani huko, aliona kila kitu, mpaka jeneza linashuka. Mtu wa Ujerumani kaona. Mtu wa Kwamkoro hana habari.

NATHANIELI: Jana saa kumi.

FANUELI: Saa kumi na dakika.

NATHANIELI: Jana saa kumi nilikuwa kwenye arusi ya binti wa Zabron, jirani yangu. Nilicheza, shemeji. Watu walinizunguka wakanipigia makofi, wanasema mzee bado. Unanisikia? Nilikuwa nacheza.

FANUELI: Hukujua.

NATHANIELI: Nikala nyama.

FANUELI: Nathanieli, hukujua.

NATHANIELI: Yule alinibeba mgongoni. Mama alikuwa kwenye kibarua, yeye ana miaka minane ananibeba, mpaka nyonga ikamkaa upande. Hata hilo goti ni mimi.

[Mtu anapenga kamasi, haijulikani upande gani.]

FANUELI: Nisamehe.

NATHANIELI: Nakuja kesho. Gari la kwanza linateremka alfajiri. Jioni nitakuwa Mlalo. Sitaki chakula, sitaki kitanda. Nipeleke tu pale mlipomlaza, na mimi nitie mkono wangu mmoja wa udongo, hata kama umechelewa. Yuko wapi, chini ya migomba?

FANUELI: Kwenye tuta la tatu. Alipopenda kupanda magimbi.

NATHANIELI: Vizuri. Udongo wa pale ni laini.

FANUELI: Shemeji, kuna jambo.

NATHANIELI: Lipi tena?

FANUELI: Fundi anakuja leo. Baada ya ibada. Wanasakafia kaburi, halafu wanaweka marumaru, nyeupe, zimeshashushwa zipo hapo barazani. Kesho alfajiri wote wanarudi Dar, wana kazi, wanataka waache pamekwisha.

NATHANIELI: Leo Jumapili?

FANUELI: Nimewaambia. Beatha akanijibu, baba, Mungu anaelewa ruhusa ya kazini ni siku nne. Binti yangu wa kumzaa. Nimemsomesha Kipaimara mimi.

NATHANIELI: Nikifika kesho nitakuta simenti.

FANUELI: Ndiyo.

NATHANIELI: Nitamwaga udongo juu ya marumaru? Ili aje mtu aufagie?

FANUELI: Nitawazuia.

NATHANIELI: Utaweza? Jana walikushinda.

FANUELI: Jana nilikuwa na hasira na wewe, ndiyo maana niliishiwa nguvu. Leo sina hasira na wewe. Nikitoka kwenye simu hii naenda kukaa pale pale, na ibadani siendi. Waniburute wakitaka. Wanirushe mubashara.

NATHANIELI: [Anacheka kidogo, kisha analia.] Shemeji.

FANUELI: Eeh.

NATHANIELI: Hizo siku za hospitali. Alikuwa na fahamu?

FANUELI: Fahamu gani, ugonjwa ule.

NATHANIELI: Alikuwa anaongea?

FANUELI: Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Vineno tu. Mtandao huu—

NATHANIELI: Baba Edgar. Aliniulizia?

FANUELI: Hapana.

NATHANIELI: Hakuniulizia kabisa.

FANUELI: Alikuwa hajitambui, nimekwambia.

NATHANIELI: Umesema alikuwa na vineno.

FANUELI: Vya maji. Ageuzwe. Vitu hivyo.

NATHANIELI: Dada yangu alale siku nne kitandani asitaje jina langu. Hata nikitiwa kisu sikubali. Niapie. Niapie kwa udongo wa pale alipolala.

[Jogoo anawika upande wa Fanueli.]

FANUELI: Alikuulizia Jumatatu. "Natha yuko wapi?" Nikamwambia ameambiwa, anakuja. Akatulia kabisa, akala uji. Jumanne akauliza tena. Nikamwambia labda gari limeharibika. Jumatano asubuhi akauliza. Na mimi nilikuwa nimekesha siku tatu, nimechoka, na Edgar ameshanionyesha zile bluu zake. Nikamwambia, mke wangu, Natha amesoma ujumbe kuwa unaumwa. Hajajibu. Basi, mwache.

NATHANIELI: Ukamwambia hivyo.

FANUELI: Kwa mdomo huu.

NATHANIELI: Akasemaje?

FANUELI: Aligeuza uso ukutani. Hakuuliza tena, na uji akaukataa.

[Mkwaruzo. Mlio mfupi: tii, tii.]

FANUELI: Hiyo ni nini? Inalia. Salio linakwisha. Hili ni salio lake, alijiwekea mwenyewe, sijui kuongeza— Nathanieli? Upo?

NATHANIELI: Nipo.

FANUELI: Sema neno. Nitukane.

NATHANIELI: Mwache fundi afanye kazi yake.

FANUELI: Unasema nini?

NATHANIELI: Nasema wasakafie. Yule amekwenda anajua nimemkataa. Udongo wangu ataupokea wa nini? Mtu akikukataa ukiwa unakufa, akuletee udongo siku ya tano?

FANUELI: Hapana. Usiseme hivyo. Kosa ni langu, si lako. Njoo unitupie mimi huo udongo, lakini njoo.

NATHANIELI: Sina mguu wa kupanda huko, shemeji. Nitasimamaje pale? Nitamwambia nini?

FANUELI: Utamwambia ulikuwa kwenye arusi. Utamwambia ulicheza. Atafurahi, yule alikuwa anapenda— [Tii, tii.] Nathanieli, nisikilize haraka. Hawasakafii. Si leo, si kesho. Watoto warudi Dar na marumaru zao. Litakaa udongo mpaka uje. Ukija kesho, sawa. Ukija mwakani, sawa. Pale ni mteremko, mvua za masika zitaushusha udongo bondeni, na mimi nitashuka nitaupandisha kwa ndoo, kila mvua nitaupandisha, mpaka uje utie mkono wako. Umenisikia? Sema umenisikia.

[Mlio mrefu: tiii. Simu imekatika.]

FANUELI: Nathanieli? Haloo?

FANUELI: Haloo?