Fundi Pima na Flaiwili ya Lori Namba Kumi na Moja

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu Fundi Pima atatimiza miaka thelathini na minne katika karakana yetu ya malori, na saa kumi jioni atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu wake, kwa kuwa ndimi niliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote waliobaki. Waliomba uwe mfupi na wa kuchangamsha. Kuhusu ufupi, nitajitahidi.

Alianza kwa kuosha vipuri. Baada ya miaka minane alikuwa fundi wa injini, na mwaka wa kumi na mbili akawa fundi mkuu. Amechelewa kazini mara mbili tu: siku mkewe alipojifungua mapacha, na siku nyingine ambayo mpaka leo hataki kuieleza. Mafundi aliowafundisha wana vitambi na wajukuu, lakini bado wanamwogopa kidogo. Si mtu wa kufoka. Ukikosea anavua miwani, anaifuta taratibu, na kabla hajairudisha usoni umeshaanza kufungua ulichokifunga.

Jina la Pima lilitokana na futi ya chuma isiyotoka mfukoni mwake. Karani wetu mmoja aliponunua kitanda, Fundi alikitazama kikiwa juu ya gari, akaenda kupima mlango wa chumba cha karani, akarudi na kumwambia hakitaingia. Karani akacheka. Wiki ile alilala sebuleni, na kitanda kilisimama kibarazani kimefunikwa turubai.

Lakini sifa yake kubwa ni katika kubadilisha injini. Kwa wageni wetu: nyuma ya injini ya lori hufungwa gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili, na klachi hulikamata hilo ili nguvu ifike kwenye giaboksi. Ukileta injini nyingine, lazima vitu hivyo vikubaliane. Fundi Pima hairuhusu injini inyanyuliwe kabla flaiwili ya injini inayotoka na ya inayoingia hazijalazwa mezani ubavu kwa ubavu. Anahesabu matundu ya bolti na meno ya stata. Anapima upana wa sahani ya klachi, kisha anaichomeka kwa mkono kwenye shafti ya giaboksi aone kama inateleza sawasawa. Mwisho anasoma namba iliyochongwa kwenye chuma chenyewe, herufi kwa herufi, kwa sauti.

Vijana wa karakana huziita hatua hizi mbwembwe za mzee. Naona ni haki waambiwe zilikotoka.

Miaka kumi na saba iliyopita injini ya lori namba kumi na moja ilikufa. Tukapata nyingine ya kampuni ileile, ila toleo la baadaye, na kama injini nyingi za mtumba ilikuja bila flaiwili. Stoo nilikuwa na mbili. Kwa macho zilikuwa mapacha, ukubwa uleule na matundu yaleyale. Tofauti, ambayo wakati ule sikuijua, ni kwamba moja ilikuwa imekatwa kidogo upande mmoja kwa nyuma ili kusawazisha injini za zamani. Ukiifunga kwenye injini ya toleo la baadaye, inavuta upande kila inapozunguka, na inazunguka maelfu ya mara kwa dakika.

Niliziosha zote mbili kwa mafuta ya taa siku moja, nikiwa nimezivua lebo zisilowe. Nilipofika kuzifunga lebo tena sikukumbuka ipi ni ya ipi. Nikakisia.

Fundi alipokuja kuchukua flaiwili ya injini ile aliniuliza, "Una hakika na hii, mdogo wangu?" Nikamjibu, "Asilimia mia, mzee." Bosi alikuwa amesimama mlangoni akilitaka lori lake, na bolti zote nane ziliingia kwa vidole bila kulazimisha. Siku ile hakupima.

Dereva wa lori hilo, tuliyemwita Mrefu, alikuwa rafiki yangu. Alilalamika kwamba pedeli ya klachi inatetemeka. Aliambiwa injini ngeni itazoea. Wiki ya tatu, akipanda mlima na mzigo, bolti zilikatika. Flaiwili ilipasua kava ya klachi ikapenya sakafu ya kebini. Mrefu alifia njiani akipelekwa hospitali. Mjane wake mnamjua nyote. Ndiye mama wa kantini yetu.

Kesho yake Fundi aliingia stoo akaiomba flaiwili iliyobaki. Aliigeuza, akaona upande usiokatwa, akasoma lebo yangu iliyosema ni ya injini za zamani, akanitazama. Akaiweka chini, akatoka.

Mbele ya kamati ya uchunguzi alisema sentensi moja: "Aliyefunga ni mimi, na sikupima." Walimvua ufundi mkuu na kumpa barua ya onyo kali. Kwa miaka kumi na saba amepokea amri kutoka kwa watu aliowafundisha kushika spana. Mimi sikuulizwa kitu, nami sikusema kitu.

Sijidanganyi kwamba alifanya hivyo kwa kunipenda. Anaamini aliyeshika spana ndiye wa kujibu. Ila tangu wakati ule, kila nikimkabidhi kipuri, hutoa kisu, hukata lebo niliyoifunga, huiweka juu ya kaunta yangu, kisha husoma namba kwenye chuma. Hakuna lililoniumiza zaidi ya hilo, na ninalistahili.

Kila mchana, miaka yote hiyo, amekuwa akiingia kantini na kumsalimu mama. Mama humwekea sahani na kugeuka bila kumwitikia. Mimi huniita shemeji, huniongeza bila kuombwa. Nami nimekula.

Wiki iliyopita nilimpelekea meneja maelezo yangu yaliyosainiwa. Ameahidi kuitoa barua ile kwenye faili la Fundi na kufungua lililo langu. Jana, kabla ya kurasa hizi kwenda kuchapwa, nilikwenda jikoni kwa mama nikamweleza yote. Alikuwa anamenya viazi, akaendelea mpaka beseni likaisha. Ndipo akauliza, "Fundi alijua?"

Nikasema alijua.

"Tangu lini?"

"Tangu kesho yake."

Akafuta kisu kwa aproni. "Shemeji," akasema, "toka jikoni kwangu."

Fundi, tunakushukuru kwa kila lori lililotoka getini likarudi na dereva wake. Wengi wa madereva hao watakuwa ukumbini nawe Ijumaa na hawajui ni mara ngapi futi yako imewarudisha kwa watoto wao. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na miaka mingi ya kuamka bila king'ora. Msamaha sitakuomba hapa, kwa sababu mbele za watu utanipa kwa adabu tu. Nitakuja nyumbani, na ukinifungia mlango nitakuelewa.

Nimeongeza aya hii leo, mchapaji akinisubiri. Mchana sikuthubutu kuingia kantini. Nilisimama nje ya dirisha. Nilikusikia ukisema, "Habari za leo, mama," kama siku zote, ukanyoosha mkono kuchukua sahani. Mama hakuiachia. Akasema, "Nzuri, mzee. Za kwako?" Nilikuona umebaki hapo, wewe na yeye mmeishika sahani moja.