Mjerumani Hakualikwa

Pale Shauri Moyo, kwenye kona ambapo mafundi huanza kugonga mabati kabla jogoo hajamaliza kazi yake, kuna benchi la mbao ambalo limebeba waongo wengi kuliko kizimba cha mahakama. Lydiah hufika na birika la kahawa ya tangawizi saa moja asubuhi, na ikifika saa tatu wenyewe wameshajaa. Kuna Patrobas, aitwaye Profesa kwa sababu hutazama historia kwenye simu hadi chaji iishe. Kuna Kimani, aitwaye Refa ingawa hajawahi kushika filimbi. Na kuna Wandera, fundi wa masanduku, katibu wa kombe la mtaa. Jumamosi hiyo Wandera alikuwa na karatasi mapajani. Timu saba alikuwa ameshaziandika. Ya nane ilimshinda, maana ilikuwa Majengo, na fainali ya mwaka jana kati yao na Shauri Moyo iliishia kwa mawe. Orodha ilitakiwa kubandikwa ukutani saa sita.

— Wasee, niambieni, Wandera alisema. Majengo tunawaita ama hatuwaiti?

— Uliza historia, buda, Profesa alijibu. Vita ya Hitler ikiisha, Kombe la Dunia likarudi mwaka wa hamsini, kule Brazil. Mjerumani hakualikwa. Mjapani hakualikwa. Ukianzisha fujo, unakaa nje.

— Haba na haba hujaza kibaba, Refa aliunga mkono.

Hakuna aliyemuuliza kibaba cha nini. Walishamzoea.

— Lakini Mtaliano aliitwa, Wandera alisema. Na si alikuwa upande wa Mjerumani?

Huyo Mtaliano, Wandera alikuwa amemweka akiba wiki nzima. Ukweli ni kwamba alitaka Majengo waitwe, ila hakutaka maneno hayo yatoke kinywani mwake. Yeye na kipa wa Majengo, Mbuthia, walijifunza ufundi pamoja kwenye fuawe moja, na kwa miaka kumi na moja walikula sahani moja. Tangu siku ya mawe hawakuwa wamesemezana.

— Mtaliano ni kesi ingine, Profesa alisema. Kombe lilikuwa kwake, alikuwa amelishinda kabla ya vita. Mkubwa mmoja wa mpira huko akaliweka kwa katoni ya viatu, akasukuma chini ya kitanda, ndio watu wa Hitler wasilipate. Sasa utamfungia nje aje?

— Hizo ni stori za watafuna jaba, Lydiah alisema akimimina. Kombe la dunia nzima chini ya kitanda?

— Ni ukweli, mama. Na kwenda Brazil walienda na meli, kwa vile mwaka uliotangulia timu yao moja kubwa ilikuwa imekufa kwa ajali ya ndege.

— Mwenda pole hajikwai, Refa alisema. Lakini Wahindi je? Si walikataa kwenda kwa vile waliambiwa wavae viatu?

— Hiyo watu husema tu. Haijulikani.

— Mimi najua. Viatu vilikosekana. Katoni yake si ndiyo ilikuwa imebeba kombe?

Hoja kama hiyo haijibiwi na simu.

— Na huyo Mjerumani wenu, Refa aliendelea, sasa amepanda moto, alisamehewa hamsini na nne, akaenda akashinda kombe lote. Mkiwasamehe Majengo mwaka huu, mwaka kesho watakuwa mabingwa wa Kenya, halafu watakuja kutoza watu ushuru hapa kwa benchi. Na yule kipa wao asijifanye alionewa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mawe yakianza, tulimwambia atoke golini. Akabaki kulinda neti kama ya mamake, hadi jiwe likamvunja mguu.

Benchi lilicheka. Wandera naye alicheka, na papo hapo akakichukia kicheko chake.

Mwishoni mwa benchi alikaa mwanamume aliyeitwa Dishon, mteja kutoka Kariobangi aliyengoja sanduku lake lipigwe ribiti za kubana bati. Tangu awasalimie, hakuwa ameongeza neno.

— Samahani wakubwa, mimi ni mgeni, alisema. Huo mguu ulipona?

Profesa aliishika simu, lakini humo hamkuwa na jibu.

— Anakaa mbali? Dishon aliuliza.

— Majengo ni hapo tu, Lydiah alisema. Dakika kumi, na hapo umetembea polepole.

Wandera aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Ya Mjerumani aliyajua, ya Mtaliano na meli yake aliyajua, lakini hakujua kama mtu waliyeshiriki nyundo moja anatembea au anachechemea. Mwaka mzima. Aliandika Majengo kwenye mstari wa nane, akampa Profesa karatasi.

— Bandika wewe.

— Na wewe?

— Naenda kumuona.

— Saa hii? Refa aliuliza. Hata hujamaliza kahawa. Utamwambia nini?

— Sijui. Nitabisha kwanza.

— Na akikataa kufungua?

Wandera alikuwa ameshavuka mtaro.

— Nitakaa hapo nje, alisema. Siku moja lazima atoke, na nitamuona akitembea.