Breki za Leonard Thwaite

Mchungaji, shemeji yangu Maureen, Philippa binti wa marehemu, majirani, na ninyi wa chama cha magari ya kale, mimi ni Clifford Thwaite, mdogo wake marehemu, na nimesimama hapa kwa niaba ya familia. Karatasi tuliyoiandika pamoja juzi ninayo mkononi na tarehe zote nitazisoma kama zilivyo, ila kuna jambo la mwaka 1988 ambalo kila mtu humu ndani anadhani analijua, nalo nitalisema upya, na shemeji aniwie radhi kwa kuwa hata yeye atalisikia leo kwa mara ya kwanza. Siwezi kumzika kaka yangu na jina nililomchafulia mimi.

Marehemu Leonard alizaliwa tarehe 9 Novemba 1938 hapa hapa Grassington, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Harold Thwaite, mchonga mawe, na mama yetu Edith, akasoma shule ya kijiji kuanzia 1943, kisha sekondari ya Skipton hadi Desemba 1953, akiwa ametimiza miaka kumi na mitano. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti ya mwisho kwamba kijana huyu ana mikono mizuri na kichwa kigumu, na mama aliitunza ile ripoti kwenye Biblia yake maana alisema ni mara ya kwanza serikali kusema kweli.

Januari 1954 alianza kujifunza ufundi katika gereji moja ya Skipton, akaitwa jeshini Machi 1960, akatengeneza malori Ujerumani kwa miaka miwili, na tarehe 14 Septemba 1963 alifunga ndoa na Maureen Birtwhistle katika kanisa la Kimethodisti la hapa, wakajaliwa mtoto mmoja, Philippa, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1966. Mwaka uliofuata walifungua karakana yao katika lililokuwa zizi la farasi nyuma ya kiwanda cha sufu, yeye akifufua magari ya Kiingereza yaliyoundwa kabla ya vita, Maureen akishona viti vya ngozi, na wateja wakitoka mpaka Scotland kumletea maboksi ya vyuma vyenye kutu na kumwambia hili ni gari.

Kaka alikuwa na taratibu zake na ole wako uziguse. Bolti ya kipimo kipya haikupita mlangoni, mbao za bodi zilikuwa za mti uleule uliotumiwa na waliolitengeneza gari hapo mwanzo, na siku ya kumimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa kwenye beringi za injini hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa. Injini aliisikiliza kwa kijiti, ncha moja kwenye chuma na nyingine sikioni, akifumba macho kama daktari. Vijana wa siku hizi huenda hamjui kwamba katika mengi ya magari yale pedali ya mafuta iko katikati na breki iko kulia kwake, na wateja wengi walimsihi azibadilishe zikae kama tulivyozoea, naye akawajibu, "Bwana wee, gari liko sawa. Mguu wako ndio uende shule."

Sasa nafika palipo pagumu. Jumapili tarehe 12 Juni 1988, kwenye maonyesho ya kijiji, kaka alileta gari kubwa la wazi la mwaka 1930, kazi ya miaka mitatu, akaniomba nilisogeze mpaka kwenye mstari wakati yeye akizungumza na mwenye gari. Mimi nilikuwa dereva wa basi la shule, wiki nzima mguu wangu ulikuwa kwenye basi, na nilipotaka kusimama nilikanyaga ya katikati. Gari liliruka, likakata kamba ya kuzuia watu, likavamia meza ya chai, na Bi Beryl Hoyle, aliyekuwa akimimina maziwa kwenye vikombe, akavunjika nyonga. Nikashuka, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Breki zimekatika! Jamani, hazikushika!"

Kaka alikuja mbio, akainama, akaibonyeza pedali ya breki kwa mkono, akaniangalia. Mimi nikatazama chini. Kisha akainuka, akawaambia wazee wa chama na mwenye gari, "Breki hizo nilizifanya mimi, lawama ni zangu."

Mnajua yaliyofuata, maana wengine mlikuwa kwenye kikao. Tarehe 4 Julai chama kililiondoa jina lake kwenye orodha ya mafundi, wateja wakaja mmoja mmoja kuchukua magari yao nusu yametengenezwa, na Oktoba 1989 karakana ilifungwa. Maureen alianza kushona mapazia ya watu, na Leonard Thwaite, mikono ile, alikwenda kutengeneza mashine za kukatia majani za halmashauri mpaka alipostaafu mwaka 2003. Kila Ijumaa alimpelekea Bi Beryl makaa na mahitaji ya nyumbani hadi bibi huyo alipofariki mwaka 1997, mimi sikuwahi hata kuvuka kizingiti chake. Niliendesha basi miaka kumi na sita zaidi, na siku ya kuagwa nikapewa saa ya ukutani na cheti cha dereva asiye na ajali, kaka akanipigia makofi kutoka kiti cha nyuma. Aibu hiyo sijui niiweke wapi.

Marehemu alianza kuumwa kifua Machi 2018. Madaktari walikuta ni vumbi la asbesto, lile la breki za zamani, alilolipuliza kwa mdomo miaka yote akisafisha, na hawakuwa na la kufanya ila kumpunguzia maumivu. Ijumaa tarehe 1 Februari mwaka huu, Maureen alipotoka kwenda kunywa chai, nilimwambia, "Kaka, siku ile nilikanyaga ya katikati."

"Najua, Cliff," akasema. "Niliibonyeza kwa mkono. Ilikuwa ngumu kama jiwe, breki zinashika."

"Sasa kwa nini ulikubali, Leonard?"

"Ulikuwa na watoto watatu na basi la shule, wangekunyang'anya leseni. Nilidhani ukitulia utakuja kusema wiki ile ile." Akapumzika kidogo, pumzi ilikuwa shida. "Nikasema basi, atakuja Krismasi."

Aliomba maji, nikamnywesha, na hatukuzungumza tena juu ya hilo. Alifariki Jumanne tarehe 5 Februari 2019, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka themanini, ameacha mjane, binti na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani walioleta supu na kuni nyumba ikiwa imekata tamaa, na wafanyakazi wenzake wa halmashauri waliobeba jeneza. Ninyi wa chama nawashukuru kwa kuja, hamkumdhulumu ninyi, mlimwamini yeye aliposema uongo kwa ajili yangu, na barua ya kuwaeleza haya nimekwisha kuitia saini, nitamkabidhi katibu wenu hapo mlangoni. Shemeji Maureen, Philippa, mkitaka kunifukuza leo mna haki.

Kaka, breki zako zilikuwa nzima. Nimekuja kusema, nimechelewa miaka thelathini. Lala, upumzike kwa amani.