Siku Sauti ya Kipaza Ilipopita Bila Kipaza

Benchi ni langu. Nasema mapema kwa sababu kuna watu wamelikalia mpaka wanadhani walizaliwa nalo. Mimi ni fundi viatu, na benchi nililiweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri soli, lakini mteja wa kweli akija hapati pa kuegesha hata goti. Kuna Gia, dereva wa lori mstaafu, anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Kuna Dobi wa kibanda cha pili, anayekuja “dakika moja tu” huku mashati ya watu yakimngoja. Kuna Mama Kahawa na birika lake. Na kuna Kipaza, mtangazaji wetu. Maji yakikatwa, mkutano ukiitishwa, mtu akifariki, ni yeye anayepita na gari la ofisi ya matangazo, lenye spika juu. Basi asubuhi ile Kipaza alikuwa katikati yetu, kikombe mdomoni, mara gari likapita barabara ya nyuma likitangaza kwamba maji yatakatwa. Sauti ilikuwa yake. Na yeye alikuwa anameza kahawa.

Mama Kahawa akamwaga nje ya kikombe, na yeye huwa hamwagi.

DOBI: Ala! Kipaza, uko hapa au uko kule?

KIPAZA: Niko hapa.

GIA: Mguse tuhakikishe.

DOBI: (akambonyeza bega) Ni nyama.

KIPAZA: Ni mashine, jamani. Hii akili bandia. Daktari alinikanya, koo limechoka, nilipumzishe. Ofisini wakaniweka kwenye chumba chenye magodoro ukutani, nikasoma, nikasoma, mpaka mashine ikanishika. Sasa wanaiandikia maneno tu, inasema kama mimi.

MAMA KAHAWA: Hata lile “ndugu wananchi” unavyolivuta?

KIPAZA: Hata hilo. Hata kikohozi wamekiacha kidogo, eti watu wasitilie shaka.

DOBI: Hao watu ni hatari.

KIPAZA: Hiyo ilikuwa ya majaribio. Leo mchana wananiita nikatie sahihi, sauti iwe yao moja kwa moja, hata nikishafukiwa. Sijui nifanyeje. Ndiyo maana nimekuja kukaa na wajinga wenzangu.

GIA: Tia sahihi! Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

MAMA KAHAWA: Wakunga wameingiaje hapa?

GIA: Ndiyo methali iliyokuwa karibu.

DOBI: Usitie, Kipaza. Leo sauti, kesho watataka mwendo wako. Keshokutwa unarudi nyumbani unakuta mtu ana sura yako, ameshakula chakula chako, na mbwa anamtingishia mkia.

GIA: Mke wake atamtambua.

DOBI: Atamtambuaje?

MAMA KAHAWA: Atamwona anamsikiliza akiongea. Atajua huyu si mume wangu.

Tulicheka, hata Kipaza, ingawa yeye alicheka kwa kushika koo.

GIA: Nyie mnaona padogo. Mimi nimeendesha lori ujana wangu wote, sikilizeni. Lori likijiendesha, litataka barabara yake. Likipata barabara, litataka mafuta yake. Likipata mafuta, litataka serikali yake. Mwisho wa yote lori ndilo litakalokaa kwenye benchi hili linywe kahawa, sisi tumefungwa turubai kule nyuma. Sisi ndio mzigo!

DOBI: Mimi naogopa kitu kingine. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mashine haina mama. Kwa hiyo imefunzwa na ulimwengu wote, na wewe Gia umo.

GIA: Basi imepata elimu.

Nikaona huu upuuzi nisipoukata hautaisha, na nina kiatu cha harusi mkononi. Nikawaambia: “Cherehani ya soli ilipoingia mjini, mlisema mimi nitakula gundi. Mbona nipo?”

DOBI: Upo. Lakini kushona kwa mkono uliacha lini?

Hilo lilinichoma. Nikainamisha kichwa nikagonga msumari ambao haukuhitaji kugongwa.

KIPAZA: Kusema kweli, raha yake ipo. Zamani nilikuwa nafika nyumbani bubu, maneno yote nimeyamwaga barabarani. Sasa naongea na wanangu. Binti yangu mdogo ananiambia, kumbe baba una hadithi! Hilo siwezi kulidharau.

MAMA KAHAWA: Si basi? Mungu akupe nini tena?

KIPAZA: Lakini juzi nilikuwa natoka sokoni, nikajisikia natangaza mnada wa samani. Mnada wenyewe siujui, samani sijaziona. Nikasimama njiani najisikiliza. Nikaona haya, dada, mpaka nikainama.

MAMA KAHAWA: Haya ya nini? Hukusema wewe.

KIPAZA: Mimi najua sikusema. Hao wanaosikia, nani atawaambia?

GIA: Haba na haba hujaza kibaba. Watazoea.

Hapo ndipo alipokuja mama mmoja wa mtaani kwetu. Jicho langu huanzia miguuni, ni kazi imenizoesha, na miguuni alivaa ndala mbili zisizofanana. Nikajua huyu ametoka nyumbani bila kuangalia chini. Alisalimia, akasimama mbele ya Kipaza.

YULE MAMA: Kaka Kipaza, sikuja kugombana. Mdogo wangu amefariki.

Sote tukampa pole. Dobi akasimama kumpisha, na Dobi hampishi mtu. Mama hakukaa.

KIPAZA: Pole sana, dada yangu. Wallahi sikuwa na habari.

YULE MAMA: Hukuwa na habari? Kaka, si umemtangaza asubuhi yote? Nimekusikia kwa masikio yangu.

Kipaza akaweka kikombe chini.

YULE MAMA: Tena umemtangaza vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini baba alipofariki, ulikuja nyumbani kwanza. Ulivua viatu, ukakaa na sisi, ukauliza mzee wetu tulikuwa tunamwitaje pale ndani. Ndipo ukatoka kumtangaza. Kwa shangazi ukafanya vilevile. Huku kwetu nyumba gani hukufanya hivyo? Basi leo nikawaambia watoto wakuwekee kiti. Tukakusikia unakuja, nikatoka mlangoni kukupokea. Vioo vya gari vimefungwa, unalitaja jina lake, ukanipita. Nikasema labda hajaniona. Ukarudi, ukanipita tena.

Akajifuta uso kwa kiganja.

YULE MAMA: Nimekukosea nini, kaka?

Nilitaka kusema ni mashine, dada, wala si yeye. Neno lilifika mdomoni kabisa. Lakini hebu wewe mwambie mfiwa kwamba sauti iliyomlilia mdogo wake barabarani haikuwa na mtu ndani. Nilishindwa. Dobi alitazama kibanda chake. Gia, mwenye jibu la malori na serikali, alishika kikombe kitupu akakinywa. Nilimhurumia yule mama, nikamhurumia na Kipaza, na sikujua nimkasirikie nani.

Kipaza aliinuka taratibu, kama mtu aliyekaa juu ya mguu wake.

KIPAZA: Nisamehe, dada. Mlikuwa mnamwitaje pale nyumbani?

Yule mama akamtajia. Lilikuwa jina dogo la utotoni, la kumwita mtoto aliyejificha asiogeshwe, na alipolitamka tu akaanza kulia kwa sauti. Kipaza akamshika mkono, wakaondoka wakifuata njia ya msibani, na ofisi iko upande wa pili. Mama Kahawa akabeba birika lake akawafuata bila kutuaga.

Simu ya Kipaza ilikuwa imebaki kwenye benchi. Mchana ulipofika ikaanza kuita, jina la ofisi limeandikwa juu. Ikaita, ikakatika, ikaita tena. Tulikuwa watu watatu pale, na hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea.